Kufundisha Urithi na Umri wa Viumbe: Mfano wa Panya

Miongoni mwa mada za sayansi zinazompa taabu mwalimu mwanafunzi ni ile ya urithi. Maneno yake si magumu, ila ni mepesi kutumiwa vibaya. Mwalimu akishawaambia watoto kwamba sifa za kiumbe hutoka kwa wazazi wake, hachelewi kusema kuwa mtoto fulani ni mzito wa kusoma kwa sababu ukoo wao ndivyo ulivyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi panya, mnyama ajulikanaye katika kila ghala la mahindi na mpunga hapa Mpanda na katika vijiji vya Katavi, anavyoweza kumkinga mwalimu na kosa hilo.

Maarifa ya mwalimu

Panya mdogo wa nyumbani akitunzwa vizuri tunduni huishi miaka miwili hadi mitatu. Fuko uchi apatikanaye Kenya, ambaye ukubwa wake wakaribiana na wa panya huyo, huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo katika jeni, yaani chembe za urithi ambazo kila kiumbe hupokea kwa wazazi wake.

Hata kati ya panya wa jamii moja urithi huleta tofauti. Mwaka 1996 Holly Brown-Borg, Andrzej Bartke na wenzao huko Marekani walieleza habari za panya vibeti, ambao hitilafu ya jeni moja huwanyima homoni ya ukuaji. Vibeti hao waliwazidi umri ndugu zao wa kawaida kwa takriban mwaka mmoja. Lakini urithi huo una gharama: hubaki wadogo, na uwezo wao wa kuzaa ni hafifu.

Mwaka 2024 wataalamu wa Maabara ya Jackson, Marekani, na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wa panya majike 960 wa nasaba mbalimbali. Baadhi walikula watakavyo, wengine walinyimwa chakula siku moja au mbili kila juma, na wengine walipunguziwa kwa asilimia 20 au 40. Kwa jumla, kupunguza chakula kulirefusha maisha. Hata hivyo, urithi wa panya uliathiri umri wake kuliko mpango wa chakula.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Panya hao wote walikaa katika matundu safi, wakapata maji na kukingwa na maradhi. Mazingira yakilinganishwa hivyo, nguvu ya urithi huonekana wazi. Panya wa ghalani Inyonga hana bahati hiyo. Paka, mtego na njaa humwahi kabla jeni zake hazijapata nafasi.

Zana na hatua za somo

Tusiwaagize watoto kukamata panya, kwani panya hueneza maradhi. Mbegu zatosha. Mwalimu atayarishe makopo manne, mbegu za mahindi za aina mbili, udongo wenye samadi na mchanga mtupu.

1. Kila aina ipandwe katika kopo moja la udongo na kopo moja la mchanga, mbegu tano kila kopo.

2. Makopo yote yapate maji na jua sawasawa kwa majuma manne. Wanafunzi wapime urefu wa mimea kila juma na kuandika.

3. Walinganishe aina mbili zilizo katika udongo mmoja. Hapo watajifunza urithi. Kisha walinganishe aina moja katika udongo na katika mchanga. Hapo watajifunza mazingira.

4. Mwalimu aulize: "Tukiona mmea mfupi mchangani, je, twaweza kusema mbegu yake ni mbaya?" Wajibu wenyewe, ndipo awasimulie habari za panya.

Tahadhari

Mtoto asiulizwe darasani wazazi au babu zake walifariki wakiwa na umri gani. Miongoni mwa wanafunzi hawakosi yatima, na asiwepo atakayerudi nyumbani akidhani siku zake zimekwisha kuhesabiwa. Mwelekeo wa somo uwe kwenye yale yanayoweza kubadilishwa: chandarua, maji safi, chanjo na mlo wa kutosha.

Nasi walimu tujipime kwa kipimo hicho hicho. Mtoto anayesinzia darasani huko Karema au Mishamo huenda amekuja bila kula, au ana malaria. Kabla hatujautaja ukoo wake, tuchunguze kwanza udongo aliopandwa.