Saa Nne za Angani, Siku Nzima ya Barabara

Mzee mmoja wa jamaa yetu hapa Katesh, alipokamilisha malipo yake ya Hija, alituuliza: "Hivi wanangu, mbali ni Jidda au ni Dar es Salaam?" Vijana walicheka. Sisi wa kamati hatukucheka, kwani tulikwisha kulipa gharama ya kutolipima swali hilo.

Kwa ramani jibu ni jepesi. Baina ya Dar es Salaam na Jidda pana takriban kilomita 3,160 za angani, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Miji hiyo imekaa karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 mashariki. Ndege huelekea kaskazini, wala saa ya mkononi haibadilishwi. Addis Ababa nayo imo karibu na mstari huohuo, hivyo anayeunganisha ndege huko haongezi masafa, huongeza kusubiri tu. Anayepitia Doha huvuka mbali mashariki, kisha hurudi magharibi zaidi ya kilomita 1,300.

Lakini mtu wa Hanang haanzii safari uwanja wa ndege. Kutoka Katesh kupitia Singida na Dodoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 750. Basi huondoka alfajiri na kufika usiku. Tena ni kuipa Kibla kisogo: kwetu Makka iko kaskazini, ikielemea mashariki kidogo, nasi tunashuka kusini. Ndugu zetu wa Mbulu wana mteremko wa Magara kabla hata hawajaiona lami.

Miaka michache iliyopita tulisoma katika karatasi ya safari "saa nne na nusu", tukampangia mama yetu mmoja, mwenye zaidi ya miaka sabini, asafiri siku ileile ya ndege. Mvua ilikuwa imeila barabara, basi likakwama. Alipofika uwanjani, mlango ulikwisha kufungwa. Tiketi nyingine ilitoka katika akiba ya msikiti, ikamzungusha mbali. Miguu ilimvimba, na tawafu yake ya kwanza aliifanya juu ya kiti cha magurudumu. Mwenyewe hakulalamika. Kosa lilikuwa letu.

Tangu hapo mahujaji wetu huondoka siku tatu kabla, wakapumzika kwa jamaa zao Dar es Salaam. Miaka hii Hija inaangukia mwishoni mwa masika, na tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023 lilitufundisha jinsi barabara inavyoweza kutoweka asubuhi moja. Mwenye nafasi ya kupandia Uwanja wa Kilimanjaro, kupitia Babati na Arusha, hupunguza zaidi ya nusu ya njia ya basi.

Jambo moja zaidi kwa familia: ndege itokayo kusini hufika usawa wa Yalamlam, miqati ya watu wa Yemen, muda mfupi tu kabla ya kutua. Mzee avishwe ihramu kabla ya kupanda, na aketi na mtu wa kumwamsha.

Mzee wetu tulimjibu kwamba kwa kilomita Jidda ni mbali, kwa mgongo ni Dar es Salaam. Akafikiri, kisha akauliza basi litasimama wapi kwa Adhuhuri. Dereva tumekwisha kuzungumza naye: Dodoma.