Serikali Iliyoshindwa Kuzaliwa: Somo la Rwanda, 1993–1994

Katika darasa la siasa la tawi moja wilayani Temeke, ndugu mmoja aliuliza: "Ikiwa viti vya serikali ya Rwanda viligawanywa Arusha, na pande zote zikatia sahihi, kwa nini serikali haikuundwa?" Wenzake wakamjibu kwa neno moja: ukabila. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Ukabila ni silaha. Hatuna budi kuuliza ni nani aliyeishika, na alikuwa akilinda nini.

Wahutu na Watutsi husema lugha moja na waliishi katika vilima hivyo hivyo. Wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake miaka ya 1930, wakatawala kwa kupitia machifu wa Kitutsi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, watawala wapya hawakuifuta alama hiyo, bali waliirithi na kuigeuza. Watutsi wengi walikwisha kukimbilia nchi za jirani. Kutokana na wakimbizi hao na watoto wao lilizaliwa jeshi la RPF, lililoingia kwa vita kutoka Uganda tarehe 1 Oktoba 1990.

Mkataba wa Arusha, ambao Tanzania iliusuluhisha, ulitiwa sahihi tarehe 4 Agosti 1993. Mawaziri wangekuwa 21: MRND, chama cha Rais Habyarimana, 5, RPF 5, MDR 4, pamoja na Waziri Mkuu, PSD 3, PL 3, na PDC 1. Pasipo maafikiano, uamuzi ungehitaji theluthi mbili, yaani kura 14. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Aliyetaka kuzuia kila uamuzi alihitaji kura 8. MRND ilikuwa na 5. Ilipungukiwa 3 tu.

Kura hizo zingepatikana wapi? Ndani ya vyama vya upinzani. MDR na PL vilipasuka, na katika kila kimoja likatokea kundi lililojiita "Power", yaani nguvu ya Wahutu. Kuuawa kwa Rais Ndadaye wa Burundi, tarehe 21 Oktoba 1993, kulilipa kundi hilo hoja ya kuwatisha wananchi. Tangu hapo ugomvi ukawa juu ya orodha: ni kundi gani la chama litakaloteua mawaziri na wabunge? Tarehe 5 Januari 1994 Habyarimana aliapishwa, lakini mawaziri hawakuapishwa. Siku zikapangwa na kuahirishwa. Wakati huo huo wanamgambo wa Interahamwe walikuwa wakipewa silaha.

Tarehe 6 Aprili 1994 viongozi wa kanda walikutana hapa Dar es Salaam, na Habyarimana akahimizwa kuutekeleza mkataba. Usiku huo ndege yake ilitunguliwa Kigali. Kesho yake Waziri Mkuu, Agathe Uwilingiyimana, Mhutu aliyekuwa akipinga siasa ya "Power", aliuawa na askari. Tarehe 9 Aprili serikali mpya iliapishwa, ya MRND na wale wa makundi ya "Power". Serikali iliyoshindikana kwa miezi 8 iliundwa kwa siku 3, mara wapinzani walipouawa. Kwa muda wa siku 100 hivi watu wapatao 800,000 au zaidi waliuawa, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji.

Basi ndugu yetu wa Temeke ajibiwe hivi: mkwamo ule haukuwa ajali. Ulikuwa kazi ya kikundi kidogo kilichoshika dola, jeshi na mali, kilichojua kwamba serikali ya pamoja ingekiondoa. Mkulima wa Kihutu aliambiwa analinda kabila lake, kumbe alikuwa akilinda vyeo vya wakubwa.

Kutokana na hayo tunajifunza kwamba kugawana viti si umoja, ikiwa wenye bunduki hawakukubali kupoteza. Tunajifunza pia kwamba mgawanyiko huanza kwa maneno madogo. Mwanachama wa Temeke au Kinondoni anayemchagua katibu wa tawi kwa sababu "ni wetu", bila ya kuuliza kazi yake, ameanza kuandika kitambulisho kile. Tumkosoe mapema, tena kindugu.