Kibaba cha Jikoni na Gunia la Ghalani

Msemo wa wazee kwamba haba na haba hujaza kibaba twaujua sote. Lakini ukimwuliza kijana wa leo kibaba ni kiasi gani, huenda akakutazama tu. Basi yafaa tukumbushane, maana jambo hili lahusu chakula cha watoto wetu.

Zamani katika pwani yetu, mama wa nyumbani hakuhitaji mizani. Chumvi aliipima kwa konzi, yaani kiasi cha kushikwa katika ngumi. Nafaka aliipima kwa kibaba, ambacho kwa mchele kilikuwa karibu ratili moja na nusu. Vibaba 2 vilifanya kisaga, na vibaba 4 vilifanya pishi, karibu ratili 6, au kilo 2 na robo tatu hivi kwa hesabu ya sasa. Hata leo Waislamu wa pwani huitaja pishi wanapotoa zaka ya fitri mwisho wa Ramadhani.

Wazee walijua pia kwamba chombo kimoja chaweza kupima mara mbili tofauti. Kibaba cha tele kilijazwa hata nafaka ikasimama juu kama kilima. Kibaba cha mfuto kilisawazishwa ukingoni. Kabla ya kununua, mtu aliuliza kwanza: ni cha tele au cha mfuto?

Kisha likaja debe la mafuta ya taa, la galani 4, na baadaye gorogoro, kopo lililokuwa na kilo 2 za mafuta ya kupikia. Vyombo vimebadilika, lakini swali ni lile lile. Wako wachuuzi ambao wakinunua mahindi kwako hupima kwa tele, na wakikuuzia hupima kwa mfuto. Wengine hubonyeza kitako cha kopo kiingie ndani. Basi kabla hujalipa, ligeuze kopo ulitazame chini. Hiyo si dharau, ni haki yako.

Sasa tufanye hesabu. Chukua gorogoro la nyumbani kwako, lijaze mahindi makavu, kisha lipeleke kwenye mizani. Tuseme umeona kilo 2. Ikiwa jamaa ya watu 6 hula gorogoro moja kila siku, gunia la kilo 90 litakwisha kwa siku 45. Mwaka una siku 365. Gawanya kwa 45, utapata magunia 8 na kidogo. Ongeza gunia moja kwa ajili ya wageni na hasara, hesabu iwe 9 na ushei.

Katika kaunti kama Trans Nzoia, mahindi huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Mtu akivuna magunia 20, hana magunia 20 ya kuuza. Ana 10 tu. Lakini mara nyingi Januari ikifika na karo ya shule, mume huuza kwa kukisia, bila kumwuliza mkewe anayejua jiko hula kiasi gani. Ifikapo Juni, mahindi yale yale hurudi nyumbani kwa gorogoro, moja moja, kwa bei ya kuumiza.

Hapana budi pia kuyakausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, kabla ya kuyatia ghalani. Mahindi mabichi huota ukungu wenye sumu, na gunia lililooza halihesabiwi.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, msimu huu kaa na mkeo kabla ya kumwita mnunuzi. Pimeni gorogoro la nyumbani, hesabuni siku, mweke magunia ya chakula upande mmoja na ya kuuza upande mwingine. Ajuaye kibaba chake hatanunua kwa majuto alichokiuza kwa haraka.