Magongo au Embakasi: Hesabu ya Familia Inayotaka Kuhama Mombasa

Wadi ya Airport, katika eneo bunge la Changamwe, ni mahali ambapo suala la kuhamia Nairobi limekuwa zito kwa miaka mingi, kwa kuwa riziki ya wakazi wengi hutegemea bandari ya Kilindini, uwanja wa ndege wa Moi na malori yanayopita mtaa wa Magongo. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, na serikali ikaagiza makontena ya bara yakalipiwe ushuru katika bohari ya Embakasi, Nairobi, kazi za mawakala wa forodha, madereva na makuli zilianza kuifuata mizigo, na mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana kulipinga agizo hilo. Agizo liliondolewa Septemba 2022. Hata hivyo, mtu aliyepata kazi Embakasi, hata leo, hukabiliwa na hesabu ile ile ya kama mshahara wa Nairobi utamfikisha mwisho wa mwezi kwa urahisi kuliko ule wa nyumbani.

Wengi huanza kwa kutafuta takwimu za mfumko wa bei, na hapo hupotea njia mapema. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutoa kila mwezi fahirisi ya bei, yaani kipimo kinachoonyesha jinsi gharama ya kapu moja la bidhaa na huduma inavyobadilika kutoka kipindi kimoja hadi kingine. Kipimo hicho hueleza kasi ya bei kupanda, wala hakisemi mji upi ni ghali, kwa hivyo bei zinaweza kupanda polepole katika mji ambao tayari ni wa gharama kubwa. Kinachofaa zaidi kwa mwenye kuhama ni uzito uliopewa kila fungu la matumizi: chakula, nyumba pamoja na maji na nishati, na usafiri huchukua zaidi ya asilimia 57 ya kapu la taifa, na chakula peke yake hukaribia theluthi moja. Ni vyema familia ianze na mafungu hayo matatu, kwa vipimo vya jiko lake yenyewe.

Nyumba ndiyo tofauti ya kwanza kuonekana. Magongo bado kuna nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambapo kila chumba hupangishwa peke yake na choo, bafu na ua hutumiwa na wote. Sehemu nyingi za Mombasa, mwenye nyumba si mwenye ardhi, na mpangilio huo husaidia kuiweka kodi chini, ingawa humwacha mpangaji katika hatari ya kuondolewa mzozo wa ardhi unapozuka. Embakasi imejaa majengo ya ghorofa, na mgeni huangukia bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo na pembe ya kupikia ndani yake, ambacho hutakiwa kulipiwa kodi ya mwezi pamoja na amana kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Serikali yenyewe inaitambua tofauti hii, maana watumishi wa umma walioko Nairobi hupewa marupurupu ya nyumba makubwa kuliko wenzao wa Mombasa, ilhali sheria ya mshahara wa chini huiweka miji hiyo miwili katika kundi moja. Kibarua analipwa kana kwamba kodi ni sawa katika miji yote miwili, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Kinachosahaulika mara nyingi ni maji, na hapa Mombasa hupoteza sehemu ya nafuu yake. Mji huu hutegemea vyanzo vya mbali, hasa chemchemi za Mzima huko Taita Taveta na visima vya Baricho kandokando ya mto Sabaki, na maji yanayofika hayatoshi. Mfereji ukikauka, familia hununua kwa mkokoteni mitungi ya lita 20. Familia inayotumia mitungi 10 kwa siku hulipa shilingi 1,500 zaidi kwa mwezi kila mtungi unapopanda bei kwa shilingi 5. Nairobi nayo ina mgao wake wa maji, kwa hivyo ni lazima kuulizia mtaa wenyewe, tena kwa wapangaji wa jengo husika, kwani dalali atasema maji yapo.

Katika chakula, mji ulio nafuu hutegemea sahani. Sukuma wiki, kabichi na viazi hulimwa karibu zaidi na Nairobi, na hupanda lori hadi soko la Kongowea. Samaki na nazi husafiri upande wa pili, na familia iliyozoea wali wa nazi italipia safari hiyo. Mahamri na mbaazi za kibarazani, zinazomwezesha mfanyakazi wa Magongo kufungua kinywa bila kuwasha jiko, hazipatikani kwa wepisi kama huo Embakasi.

Kwa upande wa usafiri, petroli hushukia Kipevu, jirani na Magongo, na bei ya juu inayotangazwa kila mwezi na mamlaka ya kawi (EPRA) huwa chini Mombasa kwa shilingi chache, kwa kuwa ya Nairobi hubeba gharama ya bomba. Abiria haoni nafuu hiyo moja kwa moja. Kinachomuumiza Nairobi ni nauli ya matatu kupanda mvua inyeshapo au jioni watu wanapojaa vituoni.

Bei ya umeme ni moja nchini kote, ila Mombasa huulipia feni kuanzia Januari hadi Machi, na Nairobi huulipia maji moto Juni na Julai, miezi ambayo watoto wa Pwani watahitaji pia sweta na blanketi. Upande mwingine, hatari ya malaria ni ndogo Nairobi. Gharama isiyoandikwa popote ni ya jamaa: bibi anayekaa na wajukuu Magongo bila malipo, Embakasi nafasi yake huchukuliwa na yaya wa mshahara.

Kwa sababu hizo wengi huhama peke yao na kuiacha familia Pwani, jambo linaloonekana la busara hadi nauli ihesabiwe. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida la treni ya Madaraka Express, kutoka Miritini hadi Syokimau, ni shilingi 1,500, kwa hivyo anayerudi nyumbani mara moja kwa mwezi hutumia shilingi 36,000 kwa mwaka, mbali na kodi ya chumba cha pili, mtungi wa pili wa gesi, na basi la usiku pale tikiti za treni zinapokwisha mapema msimu wa sikukuu.