Mtoto anayechagua chakula: uliza pia anavyowatazama watu

Mahindi, viazi na maharage Iringa havikosekani. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 uliutaja mkoa huu kuwa wa kwanza nchini kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mama wa Igowole akimpeleka kliniki mtoto aliyekonda, ataulizwa kwanza anamlisha nini na mara ngapi kwa siku. Ni swali la lazima, ila wapo watoto ambao chakula kimewekwa mbele yao na hawakigusi.

Baadhi yao wana usonji, hali inayoathiri jinsi mtu anavyohusiana na wenzake. Daktari Leo Kanner, aliyeieleza hali hiyo mwaka 1943 kutokana na watoto 11, aliona mapema kwamba kadhaa kati yao walikuwa na shida ya kula tangu uchanga. Mtoto wa namna hii atamaliza ugali mkavu, lakini mchuzi wa maharage ukigusa tonge anasukuma sahani. Majani ya maboga yanamtia kichefuchefu kwa ule utelezi wake. Sinia la pamoja, lenye mikono na sauti nyingi, linamchosha kabla hajaanza kula. Nyumbani wanasema anadeka. Akichapwa, anazidi kukiogopa chakula.

Uhusiano huu wa usonji na ulaji hauishii utotoni. Mwaka 1983 Christopher Gillberg wa Sweden aliuliza kama usonji una undugu na anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia macho ya watu wazima wakitazama video ya watu wakiwa pamoja. Wenye anoreksia walizitazama nyuso kwa muda mfupi kuliko wengine, na dalili za usonji zilichangia kueleza tofauti hiyo.

Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu njaa yenyewe humtenga mtu. Huko Minnesota, Marekani, kati ya mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Walinuna, wakakwepa mazungumzo, mawazo yao yote yakawa kwenye chakula. Kwa hiyo binti aliyekonda na kujitenga asihukumiwe kwa alivyo leo. Muulize mama yake: kabla hajakonda, akiwa na miaka minne au mitano, alichezaje na wenzake?

Kwetu kuna ugumu mwingine. Mtoto aliyelelewa vizuri humwamkia mzee "kamwene" huku ameinamisha macho, na hiyo ni heshima. Kutokutazama usoni peke yake, basi, si kipimo. Angalia mambo haya: lori la magogo likipita barabarani, mtoto wa mwaka mmoja na nusu huwa analinyooshea kidole, kisha anamgeukia mama kuona kama naye ameliona. Ukimwita jina anageuka. Ukionyesha kitu, macho yake yanafuata kidole chako. Mtoto asiyefanya hivyo, na ambaye vyakula anavyokubali vinahesabika kwa vidole, anastahili kupimwa.

Wakati mnasubiri vipimo, mtengee sahani yake, mboga iwe pembeni, na msikae wengi mno. Chakula kipya kiwekwe kidogo sana karibu na kile anachokipenda, siku nyingi mfululizo, bila kumlazimisha. Asilazimishwe kukutazama machoni ili apewe chakula. Kwa mtoto huyu hizo ni kazi mbili kwa wakati mmoja.

Uzito ukishuka au ukigoma kupanda, msingoje. Nendeni kituo cha afya, na ikibidi mwombe rufaa ya hospitali ya Mafinga au ya mkoa. Mkifika, elezeni yote mawili kwa pamoja: anavyokula na anavyohusiana na watu. Mhudumu akisikia la lishe peke yake, atawapa ushauri wa lishe peke yake.