Mkuku Mzito au Tezi Pana?

Ukisoma haraka vipimo vya Contessa 32 na vya Oceanis 30.1, utadhani karibu miaka hamsini imepita bila kubadili kitu. Contessa, iliyochorwa na David Sadler na kuundwa na Jeremy Rogers huko Lymington, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina upana wa mita 2.9 na uzito wa kilo 4,300 hivi. Oceanis, iliyochorwa na Finot-Conq kwa ajili ya kiwanda cha Beneteau cha Ufaransa, ilitoka mwaka 2019 ikiwa na upana wa mita 2.99 na uzito wa kilo 3,995. Zote ni mashua za tanga za kulala ndani na kusafiri siku kadhaa na familia au marafiki wachache. Baharini, hata hivyo, hazifanani, na tofauti kubwa haiko kwenye umri wala ubora wa vifaa. Iko mahali kila moja inapopata nguvu ya kusimama wima. Chombo kinachotulia zaidi katika upepo wa kawaida si lazima kiwe ndicho kitakachoinuka kikishapinduliwa, na mnunuzi anayepima uthabiti kwa miguu yake gatini amepima nusu tu ya jambo.

Chombo kikilala upande, uzito wake hukivuta chini kupitia kitovu kimoja, na maji hukisukuma juu kupitia kitovu cha sehemu iliyozama. Umbali kati ya mistari ya nguvu hizo mbili ndio mkono unaokirudisha. Mwundaji anaweza kuurefusha mkono huo kwa kushusha uzito, na ndivyo alivyofanya Sadler: karibu asilimia 47 ya uzito wa Contessa ni farumi iliyokaa chini katika mkuku. Anaweza pia kutanua chombo, kama wafanyavyo mafundi wa ngalawa wanaotegemea ndubi za pembeni. Upana una nguvu kubwa mno, kwa sababu mchango wake hukua kwa kipeo cha tatu: ukiuongeza kwa sehemu moja ya kumi, mchango hupanda kwa theluthi nzima. Hapo ndipo jedwali la vipimo linapopotosha. Sentimita 9 ni kidogo, lakini Contessa ni pana katikati tu, kisha husinyaa kuelekea omo na tezi, ilhali Oceanis huubeba upana wake hadi nyuma kabisa. Kwa hiyo inamudu kusimama imara ikiwa na farumi ya karibu robo tu ya uzito wake.

Faida za umbo hilo ni za kweli. Ingawa Contessa ni ndefu zaidi ukiitazama juu, urefu wake pale inapokata maji ni mita 7.3 tu, wa Oceanis ni mita 8.65. Chombo kinachosukuma maji hufungwa na wimbi lake chenyewe, na kikomo hicho hupanda kadiri urefu huo unavyoongezeka: kilomita 12 kwa saa kwa Contessa, 13 kwa Oceanis. Ndani, tezi pana hutoa nafasi ya chumba cha kulala chenye mlango. Gharama yake huanza kuonekana chombo kikilala: tezi huinuka, omo huzama, na usukani mmoja wa katikati ungetoka majini. Ndiyo sababu Oceanis ina sukani mbili.

Gharama kubwa zaidi iko ng'ambo ya nyuzi 90. Chombo kikiwa juu chini, upana ule ule uliokishikilia wima hukishikilia kichwa chini, kwa uaminifu ule ule. Contessa huendelea kutaka kurudi mpaka karibu nyuzi 155, hivyo kiasi kidogo tu cha wimbi hutosha kuiinua tena. Mashua pana za kisasa za ukubwa huu kwa kawaida hupoteza nguvu hiyo kati ya nyuzi 110 na 130. Agosti 1979, mashua 303 zilianza mbio za Fastnet. Dhoruba ikaua mabaharia 15 wa mbio hizo. Katika kundi la mashua ndogo kabisa, moja tu ilimaliza: Assent, nayo ilikuwa Contessa 32.

Mtu atasema mashua moja si ushahidi, kwamba nahodha hodari na bahati vingeweza kuleta matokeo hayo hayo. Ni kweli, na kama tungekuwa na Assent pekee, ningenyamaza. Lakini uchunguzi uliofuata ulilinganisha grafu ya uthabiti, inayoonyesha nguvu ya kurudi katika kila pembe ya kulala, ya Contessa na ya Grimalkin, mashua ya mbio iliyopinduka na kupoteza mabaharia wawili. Nguvu ya Grimalkin ya kurudi iliisha karibu na nyuzi 117. Zote mbili zilikuwa za muongo mmoja, kwa hiyo wanaosifu "mashua za zamani" kwa jumla wanakosea sawa na wanaozidharau. Umbo ndilo linalojibu, na hesabu yake haimjui nahodha.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba siku hizi setilaiti huonyesha dhoruba mapema, na mashua yenye mwendo inaweza kuikimbia. Kwa safari ya siku mbili kando ya pwani nakubali kabisa, na huko ningeichagua Oceanis bila kusita: ina nafasi, ina mwendo, na haiwachoshi watu kwa kulala upande muda wote. Katikati ya Atlantiki hoja hiyo hupungua nguvu. Dhoruba huweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita, na kilomita moja ya ziada kwa saa haimtoi mtu humo. Kiwanda chenyewe hakidai vingine: Oceanis imesajiliwa katika daraja B la Ulaya, yaani upepo usiozidi nguvu 8 na mawimbi yasiyozidi mita 4. Kwa mashua ya uzito huu, kanuni ya ISO 12217 hudai nguvu ya kurudi ifike karibu nyuzi 110 kwa daraja B, na karibu 120 kwa daraja A la bahari kuu. Kwa hiyo hesabu hiyo hufanywa kabla chombo hakijauzwa, na mnunuzi anayepanga kuvuka bahari ana kila sababu ya kuiomba grafu yake na kuisoma upande wa kulia, baada ya nyuzi 90.