Ndege ya Mbao Ipate Mng'ao wa Chuma

Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, ikiwa ni safari ya kwanza duniani ya jeti kuchukua abiria kwa ratiba na kwa nauli. Njiani ilitua Entebbe. Mgongo wake ulikuwa mweupe. Tumbo na mabawa yalikuwa chuma kitupu kilichosuguliwa hata kikang'aa. Anayeichonga leo kwa mbao, kwa kipimo cha moja kwa mia, hupata mabawa ya sentimita 35 hivi, kadiri ya kutosha juu ya kabati la sebuleni. Kuchonga kwataka subira tu. Taabu huanza pale mbao inapotakiwa ifanane na chuma.

Mkazi wa Bwaise, kaskazini ya Kampala kando ya barabara ya Bombo, hana haja ya kwenda mjini kutafuta vifaa. Maseremala wapo, na mabaki ya mbao yao; mafundi wa kupuliza rangi za magari wapo, na puti, msasa wa maji na thina yao. Lakini Bwaise iko bondeni, karibu na mfereji wa Nsooba na kinamasi cha Lubigi, na mvua kubwa ikinyesha maji huingia hata majumbani. Unyevu huo ndio adui wa laka.

Laka hukauka kwa thina yake kuruka hewani. Inaporuka upesi, hupoza uso wa kitu kilichopakwa. Hewa ikiwa na maji mengi, umande hutua juu ya rangi mbichi, na ile fedha iliyotazamiwa hugeuka ukungu mweupe. Wengi huilaumu rangi kuwa ni mbovu, kumbe kosa ni la saa. Yafaa kupuliza adhuhuri ya siku kavu, wala si jioni baada ya mvua. Thina inayokauka polepole nayo husaidia.

Jambo la pili ni uso wenyewe. Rangi ya fedha ni vigamba vidogo mno vya alumini vinavyoelea katika laka. Vikilala sawasawa, hurudisha mwanga kama kioo. Vikitua juu ya mikwaruzo ya msasa, hulala ovyo, na ndege huwa na rangi ya majivu. Kwa hiyo mbao hujazwa puti, husuguliwa, kisha hupakwa nyeusi yenye kung'aa na kusuguliwa tena kwa msasa wa maji namba 1000, halafu 2000. Kwa nini nyeusi? Kwa sababu tabaka la fedha ni jembamba na macho hupenya. Giza lililo chini yake ndilo linaloupa mng'ao kina. Hapa ndipo kazi nzima ilipo, na hapa ndipo wenye haraka wanaposhindwa.

Nyeusi hiyo nayo iwe laka. Rangi ya mafuta ya milango, ikipulizwa laka ya magari juu yake, hukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Mgongo mweupe hutangulia. Ukishakauka kabisa hufunikwa kwa karatasi na utepe, ndipo nyeusi hufuata, na fedha huja mwisho, maana utepe ukibandikwa juu ya fedha huweza kuibandua. Fedha hupulizwa kama umande, mara tatu au nne, kila mara ikiachwa ikauke. Ikimwagwa kwa pupa huiyeyusha nyeusi iliyo chini. Fedha ya magari huwa na chembe kubwa, ambazo juu ya ndege ndogo huonekana kama mchanga. Fundi aombwe iliyo laini kabisa, na juu yake ipulizwe laka safi nyembamba mara moja. Laka zilizotengenezwa mahususi kwa ndege za mfano husagwa laini zaidi, na nyingi hazihitaji kufunikwa.

Liko jambo ambalo mafundi wazoefu nao hulisahau. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, bali hutambaa sakafuni, na sakafuni ndiko liliko jiko la mkaa, na ndiko anakolala mtoto. Katika chumba kimoja cha kupanga, ambacho wenyeji wa Kampala hukiita muzigo, au katika kota za polisi na kambini ambako majirani hutenganishwa na ukuta mmoja, cheche moja yatosha. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi tu. Mvuke hupita, na kichwa kinachouma ni dalili kwamba umekwisha kuingia. Kazi ifanyike uani, jiko likiwa limezimwa, watoto wakiwa mbali, na kopo la thina lifungwe kila baada ya kumimina. Vitambaa vilivyolowa thina vianikwe nje mpaka vikauke, visirundikwe pembeni mwa chumba.

Mtu asiye na kompresa aweza kuchonga na kusugua nyumbani, kisha akamlipa fundi wa magari apulize mwisho wa siku, bastola yake ikiwa bado ina fedha ya gari la mteja. Afike mapema na kitambaa safi cha kushikia, kwa sababu mafuta ya vidole hubaki juu ya fedha, nayo huonekana zaidi taa inapowashwa.